Mzee Aliyemtafuta Jens

Juzi, msomaji wangu, nilipata habari kwamba mzee wa mtaa wa Saltley niliyekuwa nikimwogesha na kumpikia uji kila asubuhi kwa miaka mitatu ameaga dunia. Jina lake la kwanza nitalisitiri. La ukoo lilikuwa Jensen, na hilo siwezi kulikwepa, maana ndilo nililomkosea nalo.

Alizaliwa hapa Birmingham. Baba yake, baharia wa Denmark, aliondoka kabla hajazaliwa akawaachia jina hilo tu, na mama akafariki bila kulitaja la kwanza. Siku mzee aliponiambia kwamba Jensen maana yake ni mwana wa Jens, nilimjibu kwa ujuaji wote wa Mkalenjin: kwetu kijana akiitwa arap Koech, babake ni Koech, basi wako ni Jens. Mzee alilia. Miezi mingi tuliandika barua Denmark kumtafuta Jens, hata nikaanza kumsikia akimwombea kwa jina.

Aliyetuzindua ni jirani yangu, Msomali wa Garissa aliyewahi kuishi Denmark. "Zamani walikuwa kama sisi, mtoto anabeba jina la babake," aliniambia. "Halafu serikali ikasema kila family ishike jina moja. Huyo Jens ni babu wa mababu. Hata wasichana huko ni Jensen."

Niliona aibu sana. Lakini tusiwacheke watu wa Denmark. Watoto wetu waliozaliwa huku wanaandikwa jina la babu kwenye pasipoti kama ukoo, na wajukuu wao watalibeba bila kujua alikuwa mtu wa namna gani.

Ilinichukua wiki nzima kumwambia mzee. Akaniuliza, sasa yeye ni mwana wa nani? Ndipo akaanza kunisimulia habari za fundi wa mabasi wa mtaa wa Digbeth aliyemwoa mama yake, akamfundisha kunyoa ndevu, akakesha naye alipougua kifua. Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja.

Kabla hajafa aliomba kaburi lake liandikwe "mwana wa", kisha jina la fundi yule. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini nilihangaika kumtafutia mzee baba ng'ambo ya bahari, nisimuulize hata siku moja ni nani aliyemlea.