Niliisingizia kamera kosa langu

Habari zenu wote. Admin, naomba ufiche jina langu, maana binamu yangu husoma huku kila siku.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Ninaishi Kola, huku Machakos, na mama yangu. Kuongea mbele ya watu kumenishinda tangu nikiwa mdogo. Hata darasani nilijua jibu nikanyamaza. Labda ndiyo sababu niliipenda hii kamera ndogo ya dijitali, niliyoachiwa na shangazi alipojinunulia nyingine. Ukiiweka mbele ya uso, watu hawakuangalii wewe. Inatumia betri mbili kama za redio, na ukibonyeza inakawia kidogo kabla ya kupiga. Nimeizoea. Nabonyeza mapema, na picha zinatoka.

Mwezi wa nne kulikuwa na ntheo ya binamu yangu, nimwite Mwende. Ntheo ni ile siku mbuzi wanaletwa kwa kina msichana, na wakishaliwa anahesabiwa ni mke wa mtu. Mimi ndiye nilipewa kazi ya picha. Wasichana wanne walitolewa nyumbani wamefunikwa leso hadi miguuni, bwana harusi amtambue wake. Akashika mkono wa yule wa tatu. Nikajiweka tayari. Leso ilipoanza kufunuliwa, Mjomba, babake Mwende, akasogea ili aone vizuri, akasimama mbele yangu na koti lake jeusi. Ilikuwa niseme tu, "Mjomba, sogea kidogo." Maneno yakakataa kutoka. Nikabonyeza hivyo hivyo. Picha ikawa ya mgongo wa Mjomba.

Niliifuta nikiwa nyuma ya jikoni, peke yangu. Mwende alipoitafuta, nikamwambia kamera ilichelewa.

"Sasa kwa albamu niweke nini? Leso?" akauliza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Aliyenitetea ni Mjomba. "Mwacheni mtoto wa dada yangu. Hako kakamera kamezeeka kuniliko. Kastaafu, tumtafutie kengine."

Tangu siku hiyo nimechoka, hata kazi za nyumbani nazifanya kama mgonjwa. Harusi ya kanisani ni mwezi wa nane, na wamenipa kazi tena, ati nitakuwa na kamera mpya. Mjomba ameahidi kusaidia. Mama naye anataka kuuza mbuzi wake wa maziwa, yule ambaye Mama alisema ndiye atanilipia masomo ya kompyuta. Nilimwambia hii kamera bado ni nzuri.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, nilikuona vile uliinamisha kichwa," akasema. "Sitaki uchekwe tena."

Wiki jana tulienda duka moja Machakos mjini. Muuzaji akamwekea Mama mkononi kamera nyembamba ya rangi ya fedha. "Mama, hii ukibonyeza imeshika. Hata kuku akikimbia."

Mama akanipiga picha palepale. Hajawahi kupiga picha maishani. Akaiangalia kwenye kioo cha kamera muda mrefu. "Si unaona? Hata mimi naweza."

Ni nzuri kweli, na ninaitaka, sitadanganya hapa pia. Lakini Mjomba akisimama mbele yangu tena, haitamwambia asogee.

Jumatatu ni siku ya soko, na mbuzi anaenda. Nikisema ukweli, Mwende atajua siku yake niliipoteza kwa uoga, na Mjomba, aliyenitetea mbele ya watu, atajua ni yeye alikuwa kwa ile picha. Nikinyamaza, nitabeba kamera iliyonunuliwa na uongo wangu, na masomo yangu yatakuwa yameenda. Leo asubuhi nimemkatia mbuzi majani, na Mama amesema, "Mlishe vizuri, apendeze sokoni." Nikaitikia tu.

Nyinyi mlio wakubwa kuniliko, niambieni. Niichukue hiyo kamera ninyamaze, ama niseme? Na kama ni kusema, nianze na nani, na neno la kwanza liwe gani? Hilo la kwanza ndilo hunishinda.