Tone la Koki ya Mama Jovi

Ukungu uliopanda kutoka ziwani bado umelala juu ya mabati ya Buhongwa, na Prudencia Mutayoba amechuchumaa chini ya pipa lake la pombe, kiganja wazi, kama muumini anayesubiri komunyo.

Tone linaanguka. Analinusa, anafuta mkono kwenye kitenge, anakinga tena. Baada ya muda linakuja jingine.

"Tangu jana hivi hivi," anasema kwa sauti ya chini, utadhani ndani ya pipa kuna mtoto amelala. "Nimeifunga koki mpaka mkono unauma. Nikiikaza ndiyo kwanza inadondosha."

Pipa lenyewe ni la chuma kinachong'aa, juu duara, chini limechongoka kama faneli ili mashapo yashuke yenyewe na kutolewa kwa koki ya kitakoni. Ndani mna rubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, inayoendelea kuiva. Mpira mwembamba unatoka kifunikoni na kuzama kwenye chupa ya maji, na chupa inabwabwaja polepole, bwu, bwu. Ukikaa karibu nayo kope zinaanza kuwa nzito. Mwenyewe anaiita redio yake.

Leo redio haimfurahishi. Kesho pombe hii inapelekwa Usagara kwa wakwe, maana mwanaye Jovinary anaoa. Kwao ni upande wa mume unaobeba pombe, na baba wa binti, Mzee Yakobo, alishatoa neno lake siku ya kujitambulisha: tangu ahamie huku hajakutana na rubisi yenye harufu ya nyasi zilizokamulia ndizi.

"Huku mnakunywa juisi tu," alisema, na watu wakacheka. Prudencia hakucheka.

Mama yake, Bibi Bernadeta wa Muleba, alikuwa ameahidi kwamba ndizi za harusi ya Jovi atazikamua kwa mikono yake. Mwaka jana, kabla ya mvua, akafariki. Ahadi ikabaki kwa binti, na sasa inavuja tone kwa tone kwenye sakafu ya saruji. Hewa ikipenya hapo, anasema, pombe yote itageuka siki.

Jovinary anatokea mlangoni, mswaki mdomoni. "Mama, tununue kreti za bia, yaishe."

"Peleka kreti uone kama hutaambiwa ukaoe huko dukani."

Jovinary anarudi ndani kusukutua. Rubisi ndiyo iliyomsomesha yeye na dada zake wawili, tangu enzi za ndoo za plastiki, mama akipika na kuuza baada ya mume kufariki. Pipa lilikuja miaka minne iliyopita, kazi ya fundi Ngosha, mchomelea vyuma. Siku lilipofika, majirani walikuja kulitazama kama bibi harusi.

Ngosha yuko Sengerema kikazi. Prudencia anampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Koki yako inanililia huku."

"Usiikaze tena, mama, utakata mpira wa ndani. Tujue kwanza inavuja wapi. Ifute ikauke, halafu pakaza unga mkavu pale ilipounganika na pipa, na mdomoni nako."

Anachukua unga wa mtama, uleule uliokaangwa kwa ajili ya pombe, na kuupakaza kwa kidole. Wanasubiri. Jua limeanza kupenya ukungu, na pipa zima linageuka rangi ya asali. Kwenye maungio unga unabaki mkavu. Mdomoni unalowa.

"Basi maungio ni mazima," anasema Ngosha. "Kuna kitu kimenasa ndani, koki haikutani. Ifungue yote, kitoke."

Prudencia anasema waziwazi anachoogopa: "Na ikikataa kufunga? Itamwagika yote, ng'ombe wa jirani wainywe, wao ndio waende harusini."

Ngosha anacheka, halafu anamweleza. Avalishe mdomo wa koki mpira mrefu. Koki ikigoma kufunga, auinue mpira juu kuliko pombe ilipo ndani ya pipa. "Si umeona mafundi ujenzi wanavyopima usawa kwa mpira wa maji? Haitapanda kupita hapo. Utauning'iniza mpaka nije."

Mpira unachemshiwa maji, unavalishwa, unafungwa kwa waya. Jovinary, bwana harusi wa kesho, anapanda stuli akiwa ameushika kwa mikono miwili, ncha yake ikiwa ndani ya ndoo. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani.

"Nikisema inua, inua," mama yake anamwambia, na kufungua koki yote.

Mashapo mazito yanaruka ndani ya ndoo, ya kahawia, yenye povu. Mpira unatetemeka. Kisha kitu chembamba kinapita ndani yake, kirefu kama kidole, na kutumbukia. Prudencia anafunga koki.

Anatia mkono ndooni na kukitoa. Ni jani la nyasi.

Anakaa sakafuni kabisa. Nyasi za kukamulia ndizi alizichuja zote kwa kitambaa, ana hakika. Halafu anakumbuka: kabla ya kumimina juisi alitandika konzi ya nyasi kitakoni mwa pipa, kama mama yake alivyotandika kwenye mtumbwi wa mti wa kukamulia, ili juisi ishuke safi. Hajawahi kufanya hivyo kwenye chuma hiki. Safari hii mkono ulifanya wenyewe.

"Sikuwa hapa," anasema polepole. "Nilikuwa Muleba, nasikia mama anaimba. Nilimkumbuka sana siku ile." Anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye mashapo, na paji la uso linabaki na alama. Jovinary anashuka kwenye stuli na kuketi kando yake.

Wanauvua mpira. Mama anaweka kiganja chini ya koki. Chupa inabwabwaja, ukungu umeisha, mbuzi wa jirani analia. Kiganja kinabaki kikavu.

Ngosha akirudi, Prudencia ana kazi ya kumpa: amchomelee chujio la waya juu ya tundu la koki, kwa ndani. Kuacha kutandika nyasi hataki kusikia. Odeta, mkwe wake mtarajiwa, ameomba kufundishwa, naye Prudencia anataka kumfundisha yote, nyasi na koki.

Ila kwanza ni kesho. Atampelekea Mzee Yakobo kibuyu cha kwanza kwa mikono yake na kusimama pale pale mpaka ameze.

"Akiuliza hii kaipika nani," anasema, "nitamwambia ni Bernadeta."