Mnara Uliovikwa Turubai

Katikati ya mji, baina ya jengo la forodha ya zamani na ngazi zinazoteremka mtoni, kuna mnara wa saa, na chini ya mnara huo alifanya kazi mpiga picha ambaye watu walimwita Sogea Kidogo. Jina alilipata kwa haki. Hakuna bwana harusi aliyesimama mbele ya kamera yake bila kuambiwa asogee kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, mpaka shingo ikauma na bibi harusi akanuna. Lakini picha ikitoka, hata aliyenuna alicheka. Nusu ya sebule za mji ule zina picha zake ukutani.

Sebule ya mama yake haikuwa nayo hata moja. Kinyozi hajinyoi. Tangu zamani mama aliomba apigwe picha pale chini ya saa, mahali marehemu mumewe alipozoea kumsubiri enzi za uchumba wao, na kila mara mwanawe alikuwa na sababu: leo mawingu, leo mto umechafuka, leo kuna mikokoteni nyuma. Picha ya mama, alisema, haipigwi ovyo ovyo.

Halafu ukaja ukarabati. Mnara ukavikwa turubai la buluu toka kichwani hadi miguuni, na msimamizi wa mafundi, mtu mpole wa kuudhi, akawa na jibu moja kwa kila aliyeuliza: wiki ijayo. Wiki ijayo zilikuja na kupita. Wateja walikuja, wakalitazama lile turubai, wakaondoka. Wengine walikwenda kwa binti mmoja aliyekaa upande wa pili wa uwanja, akipiga picha kwa simu kama mtu anayewasha taa. Sogea Kidogo alimwita Kidole, na hakulitamka jina hilo kwa mapenzi.

Miguu ya mama nayo haikumsubiri msimamizi. Ikaamuliwa ahamie kwa dada mkubwa wa Sogea Kidogo, mji wa mbali, ambako nyumba haina ngazi. Angesafiri Jumamosi alfajiri. Msimamizi aliapa kwamba Ijumaa turubai linashuka, kwa hiyo Ijumaa mama akavaa gauni lake la kijani, akajikongoja na mkongojo wake hadi uwanjani.

Turubai halikushuka. Kamba zimenasa huko juu, msimamizi akaeleza; labda kesho.

"Nipige hivyo hivyo, mwanangu," mama akasema.

"Na hilo dude nyuma yako? Kaa hapo kwenye ngazi, mama. Nakuja sasa hivi."

Hasira zilikuwa zimempanda. Akamwendea msimamizi, akammiminia yote aliyoyameza tangu turubai lipande, akinyoosha mkono juu kwenye zile kamba na kuuliza vipi watu wazima wenye akili zao washindwe na fundo. Msimamizi alimjibu kwa upole, na upole ule ndio uliozidi kumchoma. Aliporudi, jua lilikuwa limejificha nyuma ya forodha, na mama alikuwa anainuka huku Kidole amemshika mkono. Akamsihi mama aahirishe safari, japo siku moja tu.

"Siahirishi. Na picha nimeshapigwa," mama akasema. "Huyu binti hakunisogeza popote."

Sogea Kidogo akafunga kamera yake, akamshika mama mkono wa pili, wakarudi nyumbani.

Turubai lilishuka mama akiwa ameshaondoka. Akaupiga mnara picha kwa jua safi, mto nyuma unang'aa, akamtumia. Mama akashukuru, akasema mnara umependeza, ila yeye ukutani ameshatundika ile nyingine.

Aliiona siku alipokwenda kumtembelea. Mama amekaa kwenye ngazi, anacheka, turubai limejaa nyuma yake. Na kule pembeni, bega moja limekatwa, yuko mwanamume aliyempa mama mgongo, mkono juu, anagombana na kamba.

"Ndiyo pekee tuliyo nayo, mimi na wewe," mama akasema.

Akaisogelea, akaitazama kwa jicho la kazi. Hasira ikamrudia, na safari hii haikuwa ya msimamizi. Angekuwa yeye nyuma ya kamera, angemwambia yule mwanamume asogee kidogo, aje karibu na mama yake.