Neno la Mwisho wa Kibanja

Shangazi yangu hakuwa na subira na filamu za siku hizi. Alisema watu wake wanapiga kelele kama ndugu wanaogombea kibanja cha migomba. Alichokipenda, tangu miguu yake ilipogoma akawa mtu wa kitandani nyumbani kwake Nyanga, ni tamthilia moja ya zamani ya Kizungu ambayo kijana mwenye duka kule Rwamishenye alininakilia kwenye flashi. Ilihusu mzee anayesafiri kati ya nyota, akiwa na msichana mmoja mwenzake wa safari. Kuta za chombo chao zilitikisika kila mlango ulipofungwa, na yale majitu ya kutisha yalionekana wazi kuwa ni watu waliojifunika mapazia. Shangazi aliyacheka mpaka akakohoa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza Muleba, kwa hiyo kazi ya ukalimani iliniangukia. Kila Jumamosi mchana nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, binamu yangu, bintiye anayemuuguza, akiwa kwenye mkeka, na mimi nikitafsiri.

"Huko kwenye nyota kuna migomba?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa wanakula nini?"

"Shangazi, sikiliza basi."

"Nasikiliza. Wewe ndiye hujajibu."

Nakiri kwamba nina hasira za karibu. Darasani wananijua, na nyumbani wananivumilia. Lakini maswali yale ya Shangazi ningeyapokea leo kwa mikono miwili.

Jumamosi moja tukafikia sehemu ambayo yule msichana anaaga. Watu wa nyota moja wamepatwa na maradhi, naye ameamua kubaki kuwahudumia. Mzee anampa mkono, wanatazamana kidogo, kisha anaingia kwenye chombo chake na kutoweka. Dakika mbili hazikufika. Msichana alikuwa amesema waziwazi kwamba hawataonana tena.

Mimi nikatafsiri, "Anasema atarudi."

Nilijua ninachokifanya. Asubuhi hiyo, jikoni, binamu yangu alikuwa ameniambia kwamba hospitali, walikokwenda wiki hiyo, imewarudisha nyumbani kwa sababu hakuna la zaidi la kufanya. Ningewezaje kulitamka neno lile mbele ya kitanda kile?

Shangazi hakuhangaika na kurudi wala kutorudi. Kilichomuudhi kilikuwa kingine.

"Mbona hajamsindikiza?"

"Nani?"

"Huyo mzee! Amekaa na mtoto wa watu miaka yote hiyo, halafu anamwachia mlangoni? Hata hatua mbili? Huyo hakulelewa, waitu."

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Kwetu mlangoni hapaagwi mtu. Mlangoni mnaongea habari za mvua, uani mnapeana salamu za waliobaki nyumbani. Halafu mwenyeji anatembea nawe polepole katikati ya migomba hadi mwisho wa kibanja, na hapo ndipo mnaposimama. Hapo ndipo anapokutilia kiganjani kahawa kidogo ya kutafuna njiani, na hapo ndipo anapolitoa neno lililokuwa moyoni siku nzima. Shangazi alikuwa bingwa wa mwisho wa kibanja. Pale ndipo aliponiambia, nikiwa kijana, kwamba baba yangu alilia siku niliyofaulu mtihani. Pale ndipo aliponiambia nioe au niache kumpotezea muda mtoto wa watu. Tangu alazwe kitandani, hakuwa amenisindikiza. Nilikuwa naagia chumbani, haraka, napanda bodaboda hapo hapo uani.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekalishwa kitandani, amevaa kitenge chake cha kutokea. Kando yake palikuwa na kiti cha plastiki. Binamu yangu alieleza kwa sauti ya chini kwamba majirani wawili wameombwa kuja kukibeba.

"Leo nakusindikiza," Shangazi alisema. "Nina neno lako."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na njia ya katikati ya migomba ilikuwa tope tupu. Niliishikilia sababu hiyo kwa nguvu zote. Nikasema wale watu watateleza. Nikasema atapata baridi. Nikapandisha sauti, nikamwambia binamu yangu kwamba amekosa akili kukubali jambo kama hilo, naye akainamisha kichwa.

"Basi niambie hapa hapa," nikamwambia Shangazi.

"Hapa si mahali pake."

"Jumamosi ijayo, jua likiwaka. Nitakubeba mwenyewe."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

"Haya. Neno litangoja." Kisha akageukia televisheni. "Yule binti amesharudi?"

"Bado, Shangazi."

"Usinidanganye, mwana wange. Mtu aliyeachwa vile harudi."

Ukweli ni kwamba tope halikuwa kitu. Nilimwogopa Shangazi akiwa amefikishwa mahali pale, kwa sababu nilijua neno ambalo angelitoa pale lingekuwa la mwisho, na mimi sikutaka liwe la mwisho. Nilidhani nisipolisikia, atabaki.

Alifariki Jumatano. Ijumaa tulimzika kibanjani, hatua chache kutoka nyumbani, kaburi lake likipakana na la mumewe. Watu walikuwa wengi na mimi nilifanya kila nililotumwa: kupanga viti, kupokea wageni, kutafuta turubai. Sikulia. Nililala kwenye kile chumba chake, na flashi ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya televisheni.

Kesho yake mchana, nilipoaga, binamu yangu alijifunga kanga yake vizuri akatoka nami. Nilimwambia apumzike, amechoka. Hakunisikiliza. Tulitembea polepole, tukapita kaburini. Tulipofika mwisho wa kibanja alisimama, akafungua pindo la kanga akanitilia kahawa kiganjani.

"Alinituma nikupe," alisema. "Aliifunga mwenyewe Jumanne."

"Na neno?"

Akatikisa kichwa.

"Nilimwomba aniachie mimi, kaka. Nilimwona anavyokwenda, nikamwomba mara mbili. Alikataa. Alisema neno ni lako, na wewe umeahidi kumbeba."

Njia ilikuwa imekauka kabisa. Ilikuwa Jumamosi, na jua lilikuwa linawaka.