Rimu Pana za Benzi ya Meneja

Haki ya Mungu, rimu zile zilikuwa nzuri. Pana, zinang'aa mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama humo. Mimi ni dereva wa meneja wa shirika la umma, na ndimi niliyetumwa kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani kuichagulia Benzi yake rimu, maana za zamani zilikuwa zimepinda.

Fundi, Mzee Abdu, alipitisha vidole kati ya tairi na bodi, akatikisa kichwa. "Zinapendeza, mwanangu, lakini wakikaa watu wazito nyuma zitasugua. Chukua hizi nyembamba za chuma."

"Mzee wangu, hii ni Benzi, si mkokoteni," nikamjibu. Mjinga mimi! Akazifunga.

Nikapita Kariakoo gari tupu, linateleza kama limepakwa samli. Wauza nyanya waliacha kupanga mafungu wakatazama. Nikavimba.

Kisha nikampakia meneja na wageni wake wawili, vitambi vitatu kiti cha nyuma. Kona ya kwanza tu, gari likalia kama mbuzi anayejua leo ni Idi. Mpira ukanuka, watu wakajaa.

"Nani amechagua rimu hizi?" akauliza meneja.

"Fundi, ndugu meneja," nikasema bila haya.

Nikafungua buti nitoe jeki. Kumbe yule mzee ni fundi hasa! Alikuwa ameniwekea magurudumu mawili ya rimu nyembamba, yamejazwa upepo tayari, na spana juu yake. Meneja akainama, akasoma kwa sauti maandishi ya chaki ubavuni mwa tairi:

"Ndugu Meneja, nilimkataza."