Nilimtafsiria Mama Mdogo Uongo, Sasa Chuo Kinauliza Kwa Nini Nataka Udaktari

(Aliyetuandikia tunamjua, jina lake limebaki kwetu. Someni kwa utulivu kabla ya kumjibu.)

Hamjambo wapendwa. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, Mtanzania, niko Guangzhou mwaka wa pili. Nimemaliza kozi ya Kichina, sasa naomba kuingia udaktari. Fomu zote nimejaza, imebaki barua moja: eleza kwa nini unataka kuwa daktari. Mwisho ni Jumatatu. Naandika kutoka intaneti kafe ya mtaa wa Dengfeng, na nimelia mpaka Mkongo wa kompyuta ya pili kanipa tishu. Matusi nayategemea, ila nisomeni mpaka mwisho.

Siku nisizo na darasa nawatafsiria wafanyabiashara wetu kule soko la nguo la Shahe. Kazi ile ina tabia yake. Laoban, mwenye duka, akifoka "meiyou", yaani hakuna, humwambii mteja hivyo. Unamwambia, "Anasema ngoja kidogo, anaangalia stoo." Akitukana, unasema anakusalimia. Ukisema kila neno kama lilivyo, hakuna biashara. Mimi nilikuwa fundi wa kulainisha, na nikijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Mwaka jana mama yangu mdogo alikuja kununua magauni ya harusi ya binti yake. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Baiyun anachechemea, mguu wa kushoto umevimba. "Niache na hospitali zako," akasema, "nimekaa sana kwenye ndege." Siku ya tano nikamkokota hospitali kwa nguvu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hana mbwembwe. Akampima, akanigeukia mimi: damu imeganda mguuni, alazwe leo hii, asipande ndege, donge hilo likipanda mapafuni atakufa. Nilimwelewa vizuri sana. Kichina changu hakikuwa na shida yoyote.

Mama Mdogo akanishika mkono. "Anasemaje, mwanangu? Mwambie kesho nasafiri, Ijumaa naoza."

Nikamwona uso wake ulivyojaa furaha, nikashindwa. "Anasema damu yako nzito kidogo, Mama. Ingefaa upumzike, lakini ukijisikia vizuri si mbaya."

Daktari akauliza, "Ameelewa?" Nikajibu ameelewa, ila kesho anasafiri. Akaleta karatasi ya mgonjwa anayekataa kulazwa. Mama Mdogo akauliza ni ya nini, nikasema ya dawa. Nikamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, akatia. "Haya daktari wangu," akanitania, "twende tukale."

Alifika Dar. Alhamisi asubuhi, nyumba imejaa wageni, akigawa kanga za sare, akaanguka. Hakuinuka tena. Jamani, nilimpenda kuliko nafsi yangu, na mimi ndiye niliyemwambia si mbaya.

Barua ya kwanza niliandika habari za malaria nyumbani. Mwalimu wangu akaisoma, akanirudishia: "Hii angeandika mtu yeyote. Wewe uko wapi humu?" Nikampigia simu Baba Mdogo, mume wa marehemu, kumwomba ushauri. Akasema, "Si uandike ulivyomhangaikia mama yako hospitali! Aliniambia mwenyewe, mtoto kanisemea kila kitu. Ukimaliza tutumie kwa Kiswahili, dada yako atatusomea wote." Nikaitika, "Sawa, Baba."

Basi nikaandika ya pili, mimi shujaa, mimi mtoto mwema. Niliichana. Ya tatu ina ukweli wote, na karatasi ile, na kidole changu juu yake. Iko mfukoni wiki nzima.

Kuhusu chuo, wakinikataa ni haki yao. Kinachoniua ni huyo dada, binti wa marehemu. Harusi ameiahirisha mara mbili. Juzi alinipigia analia: "Ni mimi niliyemharakisha Mama. Kila siku magauni, magauni. Angekaa kwako apumzike angekuwa hai. Mimi ndiye niliyemuua mama yangu." Na mimi, shenzi kabisa, nikamjibu ni kazi ya Mungu, asijitese.

Nikisema, sina tena baba wala dada wala nyumba ya kurudi. Nikinyamaza, naingia udaktari na yeye anabaki anazeeka akijiita muuaji. Ndugu zangu, nishikeni mkono: hii barua niipeleke chuoni, au nimsomee kwanza yeye? Na nikimsomea, nianzie wapi?