Ndoo Sita za Inaq Rumenah

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Inaq Rumenah anashusha ndoo ya kwanza kichwani na kuitua mlangoni mwa choo cha wasichana. Hapumziki. Anageuka na kurudi kisimani, dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na kurudi ni kupanda. Kabla ya kengele zitakuwa sita.

Mama huyu wa miaka hamsini na mitatu (Inaq ni "mama" kwa Kisasak) ni mfagizi wa sekondari ya serikali ya Batu Ngerok, kusini mwa kisiwa cha Lombok, Indonesia. Mshahara wake ni rupia laki nne kwa mwezi. Gunia moja la mchele na umeisha. Kubeba maji hakumo katika kazi aliyoajiriwa.

Mwaka jana wakubwa wa wilaya walileta kabati la taulo za kike za bure. Hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Miezi miwili baadaye kabati lilikuwa limejaa vilevile.

Afisa akaja, akalifungua, akamgeukia mkuu wa shule, Mwalimu Mahyudin. "Wasichana wenu hawana shida. Mwisho wa mwezi likiwa hivi, nalihamishia kwingine."

Mfagizi alikuwa amesimama hapohapo. Hakuulizwa. Watu hawa hawajawahi kumuuliza mfagizi.

Kesho yake Rumenah alimkuta Sahnim, mwanafunzi wa miaka kumi na minne, akitoroka getini.

"Wapi, binti yangu?"

"Nyumbani, Inaq. Tumbo."

"Tumbo lako linafuata kalenda. Taulo zimejaa kabatini, kachukue."

"Nichukue, halafu nikaioshe na nini? Mate?"

Kwa wanawake wa huku, taulo yenye damu haitupwi. Huoshwa mpaka maji yatoke safi, ndipo itupwe. Ukiiacha na damu, jini huja kuilamba, na anayeugua ni wewe. Rumenah alifunzwa hivyo na mama yake, akawafunza wanawe.

"Nilisimama na ufagio wangu nikajiona mpumbavu," anasema. "Choo nakifagia kila siku, najua hakina maji. Hata mimi nisingeichukua hiyo taulo."

Bomba lipo. Mtaro wake ulichimbwa mwaka 1997, koki zikawekwa 2009, na kila uchaguzi maji huahidiwa upya. Anayekumbusha tarehe hizo huambiwa ana chuki.

Rumenah hakungoja uchaguzi. Alfajiri iliyofuata alikuwa kisimani.

"Inaq," Mwalimu Mahyudin alimwambia, "si uwaeleze tu kwamba mambo ya jini ni ya kizamani?"

"Waeleze wewe, Mwalimu. Anza na mkeo."



Siku mbili za kwanza maji hayakuguswa. Ya tatu, Sahnim alitoka chooni mikono ikichuruzika maji, akapita moja kwa moja hadi darasani. Habari ilienea yenyewe.

Mwisho wa mwezi afisa alifungua kabati akakuta pakiti mbili.

"Nyingine mmeuza?"

Rumenah akamwongoza chooni, akamwonyesha ndoo sita, zote zimekauka kwa kuoshea taulo. Afisa akatia saini taulo ziendelee kuletwa.

Ndoo moja ni lita ishirini. Sita ni kilo mia na ishirini, kila siku ya shule, juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, mwaka mzima sasa. Wasichana themanini na mmoja wanakaa darasani kwa shingo hiyo. Hakuna ofisi iliyowahi kupiga hesabu hiyo, na shingo yenyewe ni nyembamba, imenyooka.

Goti lake la kulia limeanza kuvimba. Sahnim na wenzake walitaka kumsaidia kubeba, aliwafukuza wakasome.

Jumatatu anakwenda wilayani kudai maji ya bomba. Haendi na barua. Anataka kumwalika afisa alale kwake usiku mmoja, waamke pamoja, abebe ndoo moja.

"Moja tu," anasema, akijiwekea kata ya kitambaa kichwani. "Akifika nayo shuleni haijamwagika, sitadai bomba tena."